Wadudu wamezidi tangu nichanganye mazao: je, niyang'oe kunde na maboga?

Msomaji wa Muheza, Tanga, ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Nina ekari moja na nusu. Miaka yote nilipanda mahindi matupu, ila tangu mwaka jana nachanganya mahindi, kunde na maboga, na upande wa bondeni nimeacha ukingo wa majani yanayochanua. Jirani yangu analima mahindi peke yake, na anasema shamba langu ndilo linalofuga wadudu wanaomlia yake. Kusema kweli hata mimi nikipita naona wadudu wengi kuliko zamani. Je, anasema kweli? Nirudi kwenye mahindi matupu? Na kama kuchanganya kuna faida, nichanganye nini?"

Marahaba, mama. Macho yako hayajakudanganya: wadudu wameongezeka shambani kwako, na wataendelea kuongezeka kadiri unavyoongeza aina za mimea. Hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi mkubwa. Lakini jirani yako ameruka hatua moja. Ameona wadudu wengi, akahesabu wote kuwa ni maadui wa mahindi. Kabla hujang'oa hata shina moja la kunde, twende pamoja shambani tuwaangalie wadudu hao mmoja mmoja.

Anza na maboga. Asubuhi kabla jua halijawa kali, pindua jani la boga. Pengine utakuta mbawakawa wadogo wa rangi ya chungwa, na majani yametobolewa matundu. Ni waharibifu, ndiyo, lakini ni waharibifu wa jamii ya maboga, matango na matikiti. Majani ya jamii hiyo yana uchungu wake, na mbawakawa hawa wameuzoea kiasi kwamba uchungu wenyewe ndio unaowaita. Waweke juu ya mhindi, hawana shughuli nao. Sasa nenda kwenye kunde. Kwenye vikonyo vichanga utaona vidukari weusi wanaong'aa, wamebanana kama chenga za mkaa. Nao hawahamii kwenye mahindi. Wanataka kunde na jamaa zake.

Mdudu mla majani si mbuzi. Mbuzi anaonja kila kitu, lakini wadudu wengi walao mimea wamefungwa kwenye mimea michache iliyo na undugu, kwa sababu kila jamii ya mimea ina sumu zake na harufu zake, na mdudu aliyejifunza kuishi na sumu moja mara nyingi hawezi nyingine. Ndiyo maana kila aina ya mmea unayoingiza shambani inakuja na wageni wake. Wageni hao nao wana wageni wao: buibui, vunjajungu, nyigu, siafu, inzi ambao mabuu yao hula vidukari. Hesabu inapanda kwa ngazi zote. Ila kupanda kwa hesabu hiyo hakumaanishi kwamba mdudu mmoja anayekuumiza, yule wa mahindi, ameongezeka.

Mara nyingi kinyume chake ndicho hutokea, na mfano wa mwanzo uliopimwa vizuri ulifanywa kwa mboga unayoijua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa wadudu Richard Root alipanda sukuma wiki karibu na mji wa Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Sehemu moja aliipanda yenyewe tupu, na sehemu nyingine akaitia kwa mistari katikati ya majani ya porini. Matokeo aliyachapisha mwaka 1973. Kwenye sukuma tupu, wadudu waharibifu wa mboga hiyo walijaa kuliko kwenye mistari iliyozungukwa na mimea mingine. Maelezo yake ni mepesi kuelewa ukiwa mkulima. Mdudu anayependa sukuma akitua kwenye shamba la sukuma tupu, kila anaporuka anaangukia chakula. Hana sababu ya kuondoka, anakula, anapata mwenza, anataga. Kwenye shamba la mchanganyiko anaruka, anaangukia kitu asichokila, anaruka tena, harufu zimechanganyika, na baada ya kukosa mara kadhaa anahama.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni maadui wa wadudu, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonigeuza mimi mwenyewe.

Nilipoanza kazi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikuwa msimamizi wa shamba la majaribio ya mahindi. Kila wiki tulifyeka kingo mpaka udongo ukabaki mweupe. Niliamini kwa moyo wote kwamba majani ni maficho ya wadudu. Siku moja nikapasua bua la mhindi lililokuwa limetobolewa, nikamkuta funza wa mabua ndani ya handaki lake. Hakuwa akitambaa. Ubavuni kwake kulikuwa na rundo la vifuko vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele, vimeshikamana kwa nyuzi laini. Nilimtia kwenye chupa ya jamu nikafunga mdomo kwa kitambaa. Baada ya siku chache vifuko vilifunguka, wakatoka nyigu weusi wadogo kuliko sisimizi, makumi kadhaa, wakawa wanatembea juu ya kioo. Mama yao alikuwa ametaga mayai ndani ya funza akiwa hai, na watoto wakamla kutoka ndani. Nyigu hao ni wa jamii ya Cotesia. Mmoja wao, Cotesia sesamiae, ni wa hapa hapa Afrika. Mwenzake, Cotesia flavipes, aliletwa kutoka Asia na kuachiliwa Pwani ya Kenya mwaka 1993 ili amfuate funza wa mabua ambaye naye alitoka Asia.

Swali lililonisumbua lilikuwa dogo: nyigu mzima anakula nini? Yeye hali funza. Anayekula funza ni mtoto wake. Nyigu mzima anataka sukari, maji matamu ya maua. Asipoipata anakufa baada ya siku chache na mayai mengi yamebaki tumboni. Na mimi nilikuwa nimefyeka kila ua kwa umbali wa mita mia. Kwenye mahindi matupu hakuna kitu cha kumlisha, maana ua la mhindi halina utamu huo, lina unga tu.

Rudi sasa kwenye kunde zako. Shika kikonyo kirefu kinachobeba maua, kitazame kati ya ua na ua, pale maua ya zamani yalipodondokea. Utaona vitone vidogo vinavyonata. Ni utamu ambao kunde inautoa nje ya ua, na kazi yake hasa ni kuwalisha walinzi. Ukikaa kimya dakika kumi utaona sisimizi, nyigu wadogo na inzi wanapita kulamba. Hao wadudu wengi unaowaona ukipita, wengi wao wako kwenye hiyo foleni. Na wale vidukari weusi wa kunde, ambao hawamgusi mhindi, wanalisha mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, ambao vidukari wakipungua huhamia kwenye mahindi kutafuta mayai ya wadudu na vidukari wa huko. Maboga yametandaza majani chini, udongo uko baridi, na buibui wa ardhini na wadudu wenye koleo mkiani wamepata makazi. Hawa wa koleo watu wengi huwaua wakidhani wanaingia masikioni. Waache. Usiku nenda na tochi, chungulia kwenye moyo wa mhindi, utawakuta wanawinda mayai na viwavi wachanga.

Kuna mahali pengine Marekani ambako jambo hili lilifuatiliwa kwa muda mrefu. Cedar Creek, jimbo la Minnesota, mwaka 1994 watafiti walipanda viwanja vingi vya mita 9 kwa 9. Vingine vilikuwa na aina moja tu ya mmea, vingine 2, 4, 8, mpaka 16. Mwaka baada ya mwaka walikusanya wadudu na buibui kwa nyavu. Viwanja vyenye aina nyingi vilikuwa na aina nyingi za wadudu, kama ulivyoona kwako. Jambo kubwa ni lile lililoripotiwa mwaka 2009: kadiri aina za mimea zilivyopungua, ndivyo jamii ya wadudu ilivyogeuka kutoka kutawaliwa na wawindaji hadi kutawaliwa na walao mimea. Kwa maneno mengine, shamba la jirani yako, lenye mmea mmoja, ndilo linaloelekea kubaki na walaji bila walinzi.

Nisikufiche upande wa pili. Huko Jena, Ujerumani, ambako tangu mwaka 2002 wanalinganisha viwanja vya kuanzia aina 1 hadi 60, walikuta kwamba wingi wa mimea unawagusa zaidi wadudu walao mimea, na nguvu yake hupungua kadiri unavyopanda kwa wawindaji, tena ni kubwa zaidi juu ya udongo kuliko chini yake. Maana yake usipande maua ukategemea walinzi waje kesho yake kama walioitwa kwa simu. Na mwaka 1991 mtaalamu David Andow alikusanya tafiti 209 za mazao yaliyochanganywa, zikihusu aina 287 za wadudu walao mimea. Asilimia 52 ya aina hizo walikuwa wachache kwenye mchanganyiko kuliko kwenye zao moja. Lakini asilimia 15 hivi waliongezeka. Waliobaki hawakuonyesha tofauti, au walibadilika badilika. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba kuchanganya mazao kunafukuza kila mdudu, mwambie hapana.

Wanaoongezeka ni akina nani? Zaidi ni wale wasiochagua, wanaokula kila kitu. Na kwa bahati mbaya mmoja wao ndiye anayetuumiza sasa. Kiwavijeshi vamizi, yule mwenye alama kama Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia, alitoka Amerika. Aligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata akawa ameingia Tanzania na Kenya. Ameandikwa kwenye mimea zaidi ya 350. Hata hivyo, akiwa na uchaguzi, anapenda mahindi kuliko kunde, na kwa mdudu kama huyo aina ya mmea unaochanganya ni muhimu kuliko idadi ya aina.

Hapa ndipo ninapokuletea kilimo cha sukuma-vuta, kwa sababu kimetoka kwetu. Kilibuniwa na watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, icipe, Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Kazi ya shambani ilifanyika Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kuanzia mwaka 1997 wakulima wakaanza kukitumia. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodi, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unapanda matete, yale ya kulishia ng'ombe. Nondo wa funza wa mabua akija usiku anavutwa na matete, anataga huko. Mabuu yakianguliwa na kuanza kutoboa, tete hutoa utomvu unaonata, na wengi wao wanafia hapo hapo. Desmodi nayo inasaidia kwa njia mbili: inapunguza utagaji kwenye mahindi, na mizizi yake inatoa kemikali zinazofanya mbegu za gugu la kiduha ziote bila kupata mzizi wa mhindi wa kunyonya, zikafa. Aliyewahi kulima penye kiduha anajua thamani ya hilo.

Kwa sehemu zenye jua kali walibadilisha: desmodi inayostahimili ukame ndani, na nyasi za brachiaria pembezoni. Msimu wa mvua ndefu wa mwaka 2017, mwaka ule ambao viwavijeshi walikuwa wametuvamia, walipima kwa wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwenye mashamba ya sukuma-vuta, viwavi kwa kila mhindi walikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 wakilinganishwa na mahindi matupu. Namna desmodi inavyofanya kazi bado inabishaniwa. Maelezo ya mwanzo ni kwamba harufu yake inamfukuza nondo. Miaka ya karibuni watafiti wengine wameonyesha kwamba vinyweleo vyake vilivyopinda kama ndoana vinawanasa viwavi wachanga na kuwajeruhi wanapotambaa juu yake. Pitisha kiganja juu ya jani la desmodi, utavihisi vinang'ang'ania ngozi. Kwa mkulima yote mawili yanaleta matokeo yale yale.

Sasa shamba lako. Kunde ziache. Maboga yaache pia, ila yasipande juu ya mahindi. Geuza vikonyo vyake vielekee kwenye nafasi. Na ukitaka yazae, linda nyuki, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na bila nyuki kulitembelea katika saa hizo hakuna boga. Usithubutu kupulizia dawa asubuhi. Kwa kweli usipulizie kwa ratiba hata kidogo. Kiwavijeshi aliyekwisha kukua amejificha ndani ya moyo wa mhindi, chini ya kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, na dawa nyingi hazimfikii. Nyigu na buibui waliokaa nje ndio wanaozoa kipimo chote. Ukipulizia hivyo umebaki na mchanganyiko wa mimea bila faida yake.

Ukinunua mbegu mpya, angalia undugu wa mimea. Mahindi na mtama pamoja ni aina mbili kwa hesabu, lakini kwa funza wa mabua ni karamu moja. Vivyo hivyo nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Kuzipanda pamoja hakumchanganyi mdudu wa nyanya. Unachotafuta ni mimea ya koo tofauti, yenye urefu tofauti, inayochanua kwa zamu ili pasipite mwezi bila ua. Kunde zikimaliza, alizeti au giligilani ziwe zimeanza. Kama una ng'ombe au mbuzi, ningekushauri ujaribu desmodi na brachiaria kwenye robo ekari kwanza, maana vyote viwili ni malisho na vinakulipa hata msimu ambao viwavi hawakuja. Kama huna mifugo, kunde zinatosha kwa kuanzia. Usijitwishe mmea usio na kazi nyumbani kwako.

Ukingo wa bondeni nauzungumzia peke yake kwa sababu ndio unaogombanisha. Kuna hofu ya zamani kwamba nyasi za porini zinafuga funza wa mabua. Watafiti waliopasua nyasi pori nyingi Afrika Mashariki walikuta kweli zina funza, lakini sehemu kubwa ni wa aina nyingine, wasioshughulika na mahindi, na baadhi yao hulisha nyigu wale wale unaowahitaji. Ninachokuomba ni kung'oa kiduha popote unapokiona, kuzuia magugu yanayotambaa yasiingie kwenye mistari, na kutoufyeka ukingo wote siku moja. Fyeka nusu, subiri nusu ile ichipue na kuanza kuchanua, ndipo ufyeke nyingine.

Kuhusu lawama za jirani: nondo wa kiwavijeshi vamizi anaruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Hahitaji kupumzika kwenye maboga yako ili afike kwake. Amevutwa na mahindi yake. Lakini maneno yangu hayatamtuliza kama hesabu itakavyomtuliza, kwa hiyo mwombe mhesabu pamoja, mkianza mahindi yakiwa na wiki tatu, mara moja kila wiki. Ingieni kwa mwendo wa kona kona, kila shamba mhindi 20, msichague wenye afya wala wagonjwa. Kwa kila mhindi andikeni mambo manne: una tundu jipya au hauna, viwavi hai wangapi, marundo ya mayai mangapi (yako kama yamefunikwa pamba, mara nyingi chini ya jani), na walinzi wangapi, yaani buibui, wadudu wa koleo, mbawakawa wekundu, nyigu na vifuko vyeupe. Wadudu walio kwenye maua ya kunde msiwaandike upande wa hasara, hao hawahusiki.

Usiogope wiki mbili tatu za mwanzo zikifanana kwa mashamba yote mawili. Walinzi huchelewa kuliko walaji, na shamba lako lina mwaka mmoja tu tangu lipate makazi yao. Tofauti huanza kuonekana mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele, na huonekana zaidi msimu wa pili na wa tatu. Mkimkuta kiwavi aliyelegea, asiyekimbia mkimgusa, msimuue. Mtieni kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni, mwekeeni kipande cha jani, mkae naye wiki moja. Akitoka nyigu, mpelekee jirani chupa hiyo mkononi, aifungue mwenyewe pembeni mwa shamba lake.